Sirinji ya Tatu

Sufuria kubwa ya Mama Sabina, ile iliyonunuliwa kwa ajili ya kupikia watu na si kwa kazi nyingine yoyote duniani, ilikuwa imejaa maua ya rozela yaliyochemshwa mpaka maji yakawa mekundu sana. Mama Sabina alisimama mlangoni pa jiko na ungo wa maharage, akaitazama sufuria, akamtazama mkwewe, kisha akaitazama sufuria tena.

"Mama Noel," alisema, "mimi nitapikia wapi?"

"Nayamimina sasa hivi, mama. Yanapoa kidogo tu."

"Jana nayo yalikuwa yanapoa."

Elizabeti, kama Mama Noel alivyoitwa shuleni, alichukua mwiko akayakoroga yapoe. Alikuwa mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari ya kata, huko Rhotia, na shule hiyo ilikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni kwa rangi nzuri ya bluu. Ndani kulikuwa na masinki ambayo hayakuwahi kuona maji, na kabati la chupa tupu ambazo lebo zake zilikuwa zimeliwa na mende. Basi maabara yenyewe ilihamia nyumbani kwake. Asidi ilikuwa maji ya betri kutoka gereji ya Karatu mjini, yaliyopunguzwa makali. Besi ilikuwa magadi ya kupikia. Badala ya bureti, ule mrija wa kupimia asidi, walitumia sirinji za duka la dawa za mifugo, na badala ya zile dawa za kuonyesha rangi zinazokuja kwenye chupa ndogo, wakatumia rozela, inayogeuka kijani kwenye magadi na kurudi nyekundu ukishatia asidi ya kutosha.

Watu walimsifu sana kwa hilo, na sifa ndiyo iliyomponza. Kila alipokwenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Benson, kuomba kemikali halisi, mkuu aliegemea kiti na kutabasamu. "Lakini wewe unaweza, madamu," alimwambia. "Wengine ndio wanalalamika." Akirudi darasani Elizabeti alikuwa na hasira ya kutosha kuchemsha rozela bila kuni.

Ila kesho yake palikuwa na tumaini. Wageni wa mradi mmoja wa elimu wa Arusha walikuwa wanazunguka shule za Karatu wakiwa na sanduku la vifaa: bureti za kioo, pipeti, kemikali za kweli, na zile chupa ndogo za rangi. Sanduku lilikuwa moja, na lingebaki kwenye shule moja. Wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa hawajawahi kushika bureti, na mtihani wa taifa wa vitendo ulikuwa unakaribia. Elizabeti alilitaka sanduku lile kuliko alivyowahi kutaka gauni.

Alilitaka zaidi kwa ajili ya Nareyu. Binti huyu alikuwa wa Mzee Mepukori wa Endulen, na aliishi hapo nyumbani kwa mwalimu kwa sababu kwao kulikuwa mbali na shule. Aliwahi kumpeleka mama yake hospitali ya misheni, akaona mtu wa maabara akichungulia tone la damu na kusema kinachomwumiza mama, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Bila kufaulu kemia hakuna chuo ambacho kingempokea. Alikuwa mtaratibu, hasemi mengi, na akiulizwa anasema alichokiona tu.

"Bibi, nikusaidie kuchagua maharage?" Nareyu aliuliza.

"Chagua, mwanangu. Ila usiyaonje, hujui humu ndani yamewekwa nini."

Marseli, mume wa Elizabeti, alikuwa amerudi kutoka kuwashusha watalii, bado na vumbi la barabara ya kreta mabegani. Alicheka akiwa nje. "Aayo, mama, mimi siku hizi hata chai nanusa kwanza."

"Wewe cheka," mama yake alimjibu. "Mke wako anapika dawa, mimi ndiye ninayeambiwa niwalishe wageni wake."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mkuu wa shule alikuwa ameamua kwamba makande ya wageni yapikwe nyumbani kwa Elizabeti, kwa kuwa nyumba yake iko karibu. Hakuuliza. Alitangaza kwenye kikao cha walimu, wakapiga makofi.

*

Asubuhi maharage yaligoma. Yalikuwa ya zamani, ya mavuno ya mwaka wa nyuma, na Mama Sabina aliyakoroga huku akiyasema kwa Kiiraqw maneno ambayo hayafai kwa chakula cha wageni. Yalihitaji magadi. Magadi yake ya siku zote, ya rangi ya udongo, yanayoletwa kutoka upande wa Mang'ola, yalikuwa yamekwisha. Alikuwa na mengine aliyonunua mnadani, meupe sana, ya upande wa Natron, lakini hayo hakuyaamini: makali mno, ukizidisha kidogo maharage yanateleza na kunuka sabuni. Huwezi kuwapa watu wa Arusha makande ya sabuni.

Juu ya rafu kulikuwa na kopo la mwalimu. Ndani yake kulikuwa na magadi yaleyale ya zamani, ya gunia moja alilolitumia Elizabeti tangu mwaka ulipoanza. Mama Sabina alilishusha, akayamimina yote ndani ya sufuria, na kwa kuwa hakutaka kelele, akalijaza kopo yale meupe ya mnadani na kulirudisha palepale. Kwa maharage, magadi hayafanani. Kwa maji ya watoto ya kuchezea, alijiambia, magadi ni magadi.

Elizabeti alilichukua kopo mbio mbio, akalifungua shuleni akiwa anagombana na fundi aliyeleta spika. Alipima kwa kijiko chake cha kila siku, akakoroga, akagawa kwenye glasi. Kama angekuwa na nafasi ya kuvuta pumzi angeona weupe ule. Hakuwa nayo, maana mkuu alikuwa anamtuma tena kutafuta kitambaa cha meza.

*

Wageni walichelewa kama kawaida ya wageni, na wanafunzi waliimba mpaka sauti zikakwaruza. Mgeni mkuu alikuwa mama mmoja wa makamo, mchangamfu, aliyeitwa Bi Goodness. Sanduku liliwekwa kwenye meza ya mbele, limefungwa kwa utepe. Elizabeti alijaribu kutoliangalia, akashindwa.

Wanafunzi kumi wa kidato cha nne walisimama kwenye meza zao na makoti meupe yaliyoazimwa kwenye kituo cha afya. Kila mmoja alikuwa na glasi ya magadi yenye rozela, kijani kibichi, na sirinji ya kupimia asidi, inayobeba mililita kumi. Kazi yao ilikuwa kutia asidi kidogo kidogo mpaka rangi igeuke, kisha kuandika kwenye karatasi wametumia kiasi gani. Walikuwa wamelifanya jambo hilo mwaka mzima. Sirinji mbili kamili, mililita ishirini, rangi inageuka. Gunia moja, kijiko kimoja, jibu moja.

Witness, kiranja wa darasa, alimaliza sirinji ya kwanza, akamaliza ya pili. Glasi ikabaki kijani. Alitikisa. Ikabaki kijani. Aliangalia kwa jirani yake, akaona naye anatikisa, na jasho limemtoka puani. Basi akajaza sirinji ya tatu haraka haraka, kama mtu anayeficha kitu, na katikati yake rangi ikageuka. Witness alishusha pumzi. Halafu akachukua kalamu, akaandika ishirini, kwa sababu jibu lilikuwa ishirini na kila mtu alijua.

Jirani yake akaandika ishirini. Hawakupanga. Hakuna aliyemnong'oneza mwenzake. Kila mmoja peke yake aliamini kwamba mkono wake ndio uliokosea, na kwamba si adabu kumwaibisha mwalimu mbele ya wageni kwa mkono uliokosea.

Mwalimu Benson alikusanya karatasi na kuzisoma kwenye kipaza sauti. "Ishirini. Ishirini. Ishirini, hongera. Ishirini." Wageni walianza kupiga makofi kufuata mdundo wa ishirini. Mpiga picha alipanda juu ya kiti. "Ishirini na..." Mkuu akasita. "Ishirini na sita. Nareyu ni nani? Simama."

Nareyu alikuwa tayari amesimama, kwa hiyo hakujua afanye nini zaidi.

"Huyu anatokea kule ndani, Endulen," mkuu aliwaambia wageni, kana kwamba hayo ni maelezo. Watu wakacheka kidogo, wala si kwa ubaya, na kicheko cha namna hiyo ndicho kinachoumiza kuliko vyote.

"Usikate tamaa, binti," Bi Goodness alisema kwa upole. "Kemia inataka umakini. Waangalie wenzako."

"Nilijaza mara tatu," Nareyu alisema.

"Ndiyo maana umekosea," mkuu akamjibu. "Wenzako wamejaza mara mbili."

Nareyu alimgeukia Elizabeti. Alimwangalia na kungoja.

Na Elizabeti alikuwa amekwisha kuelewa. Mtungi wa asidi ulikuwa mbele yake, mkavu. Alikuwa ameandaa asidi ya sirinji mbili kwa kila mtoto, na nyingine nyingi ya akiba, na yote ilikuwa imekwenda. Kila mtoto alikuwa amejaza mara tatu. Watoto tisa walikuwa wameandika walichokariri, na mmoja aliyeandika alichokiona alikuwa amesimama pale na koti la kuazima, anachekwa. Mwalimu alijua hayo yote. Aliliangalia sanduku na utepe wake, akainamisha macho mezani, akanyamaza.

Nareyu akakaa.

*

Bi Goodness alitoa hotuba, na haikuwa mbaya. Alisema ameguswa. Alisema amezunguka shule nyingi lakini hajaona mwalimu aliyegeuza jiko kuwa maabara. Elizabeti aliutazama utepe wa sanduku.

"Kwa kweli," Bi Goodness aliendelea, "tumejadiliana na wenzangu hapa, tukaona kwamba sanduku hili likibaki hapa litaua ubunifu huu. Shule hii imetuonyesha kwamba inaweza bila vifaa. Kwa hiyo sanduku litakwenda kwenye shule ambayo haijabahatika kupata mwalimu kama huyu. Ninyi tutawapa cheti."

Makofi yakapigwa. Mkuu naye alipiga, ingawa mikono yake ilikuwa mizito.

Elizabeti alisimama. Wengine baadaye walisema alisimama kwa ajili ya ukweli, lakini msimulizi hawezi kumpamba kiasi hicho: kilichomwinua ni hasira. Mwaka mzima alikuwa ameambiwa kwamba anaweza, na sasa kuweza huko kumemnyang'anya sanduku mbele ya macho yake.

"Samahani, Bi Goodness. Hayo matokeo mliyosomewa si ya kweli."

"Madamu," mkuu alisema chini chini, "kaa."

"Asidi yote imekwisha. Haiwezekani watoto wakatumia sirinji mbili mbili asidi ikaisha. Wote wamejaza ya tatu. Witness, ulijaza ngapi?"

Witness alianza kulia, na hilo likawa jibu.

"Aliyepata ni Nareyu peke yake," Elizabeti alisema. "Hawa wengine ninyi mmewapigia makofi kwa kukariri. Nimewafundisha mimi, kwa magadi ya gunia moja, mpaka hawaangalii tena glasi. Kwenye mtihani namba itakuwa nyingine na rangi itakuwa nyingine. Hatuwezi bila vifaa. Tunajifanya tunaweza."

Bi Goodness alikunja miwani yake. "Lakini mwalimu, kama magadi ni yaleyale, kwa nini leo iwe mara tatu?"

Nyuma, karibu na mlango, Mama Sabina alikuwa amefika na sufuria yake na mwiko. Aliona watu wanatazamana na hakuna anayejibu, naye hakupenda kuona mkwewe anahojiwa na mtu asiye wa ukoo.

"Magadi niliyabadilisha mimi," alisema. "Yake niliyatia kwenye makande yenu. Maharage yalikuwa magumu."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, na kilimfikia kila mmoja. Bi Goodness alicheka pia, lakini alipomaliza alikuwa ameshaamua. Alisema kwa masikitiko kwamba ukweli ni jambo jema, ila mradi unahitaji matokeo ya kuaminika, na kwamba hata lile suala la cheti itabidi waliangalie upya. Kisha wakala. Makande yalikuwa laini, kila mtu alikiri, na mpiga picha aliongezewa mara mbili. Sanduku lilirudishwa kwenye gari bila hata kufunguliwa.

*

Jioni watu wa nyumba walikuwa wanasubiriana. Mama Sabina aliisugua sufuria kwa mchanga ingawa ilikuwa safi.

"Ungeniambia, mama," Elizabeti alisema mwishowe.

"Ningekuambia saa ngapi? Ulitoka hapa unakimbia. Na mimi ningejuaje kwamba watoto wanasoma kwa chumvi ya maharage? Serikali haina chumvi?"

Marseli alikuwa na la kuchekesha, akamwona mke wake, akaenda kumletea mama yake mchanga mwingine.

Nareyu alikuwa chumba cha ndani, anakunja shuka lake na kulipanga ndani ya begi. Elizabeti alisimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, madamu. Kesho kuna gari la Endulen."

"Na mtihani?"

Nareyu aliendelea kukunja. "Madamu, nikuulize. Nilipokuwa nimesimama, ulikuwa unajua?"

Elizabeti angeweza kusema alikuwa bado anafikiri. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na yangeaminika.

"Nilijua," alisema.

"Ulingoja kwanza uone sanduku linakwenda wapi."

"Ndiyo."

"Halafu lilipoondoka ndipo nikawa nimepata." Nareyu hakupandisha sauti. "Basi nieleze, kwenye mtihani niandike ninachokiona au wanachokitaka? Maana leo nimeandika ninachokiona, na hata wewe unayenifundisha umenyamaza."

Mwalimu aliketi kwenye kitanda, juu ya begi na nguo zake. Aliona aibu, aibu ya kweli, isiyo na mkuu wa kumlaumu wala mradi wa kuutupia lawama.

"Andika unachokiona," alisema. "Na mimi nilikosea, Nareyu. Nilitaka sanduku kuliko nilivyotaka kukutetea. Sina neno zuri la kukuambia. Ukitaka kwenda, nenda, ila usiende kwa sababu mkono wako umekosea. Haukukosea."

Nareyu aliuvuta mkono wa gauni uliokuwa umekaliwa na mwalimu, taratibu, mpaka ukatoka.

"Begi langu, madamu," alisema. "Umelikalia."

Mama Sabina alikuwa amesogea mpaka nyuma ya mkwewe, mikono imelowa. "Wewe mtoto," alimwambia Nareyu, "kwenu ng'ombe wanapewa magadi gani?"

"Ya kwetu tu, bibi. Ya kijivu."

"Makali?"

"Sijui. Hatujawahi kuyapima."

Elizabeti aliinua kichwa. Aliwatazama wote wawili, bibi na binti, kama mtu aliyesahau kitu dukani na sasa anakumbuka ni nini. "Kila nyumba ina magadi yake," alisema polepole.

"Ndivyo nilivyokuwa nakueleza asubuhi yote," Mama Sabina alisema, ingawa hakuwa amemweleza hata neno moja.

*

Jumatatu ilipofika, kila mwanafunzi alikuja, kama alivyoagizwa, na magadi ya kwao, yamefungwa kwenye gazeti, kwenye mfuko wa sukari, kwenye kitambaa. Yalikuwepo ya udongo na meupe, na mengine yaliyochanganyika na majivu. Kulikuwa na donge moja la kijivu ambalo Mzee Mepukori, baada ya kupigiwa simu, alilituma kwa gari la Endulen, gari lilelile ambalo binti yake alikuwa amelisindikiza kwa macho kutoka barabarani, begi likiwa begani, kisha akarudisha begi ndani bila kumweleza mtu.

Sanduku lilikuwa limeshafunguliwa kwenye shule nyingine. Rangi ya kweli ya mtihani watoto hawa wangeiona siku ya mtihani wenyewe, na hilo Elizabeti hakuweza kulibadilisha, na lilimkera, na lingeendelea kumkera. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kemikali tena, naye mkuu alikuwa ameshaegemea kiti tena.

"Madamu," Witness aliuliza, sirinji mkononi, "leo jibu ni ngapi?"

"Sijui."

Darasa likacheka, likidhani ni utani.

"Sijui kweli. Hayo ni magadi ya mama yako. Mimi nitayajulia wapi?"

Mwalimu Benson alipita dirishani, akasimama, akachungulia karatasi za meza ya mbele. Aliona namba kumi na saba, aliona ishirini na tisa, aliona thelathini na moja na nusu. Alitikisa kichwa kwa huzuni. "Madamu, sasa hapa nani amepata?"

"Tunaangalia, Mkuu."

Mkuu aliondoka akiguna. Witness alimaliza sirinji ya pili na glasi yake ikabaki kijani. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona kwamba namba za wenzake hazimsaidii kitu. Upande wa pili wa meza Nareyu hakuinua uso. Alikuwa anadondosha tone kwenye glasi ya magadi ya baba yake, anatikisa, anangoja, anadondosha jingine.

Witness alirudisha macho kwenye glasi yake na kujaza sirinji ya tatu, polepole, bila kuificha.